Diski inapogoma, usikimbilie kufomati

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma haya gazetini, juma hili naomba niyaweke kando mambo ya bei ya dagaa nizungumzie kisanduku kidogo kinachoenea katika mfuko wa shati. Ni diski ya nje ya kompyuta, ile ambayo vijana wa madukani hapa Kigoma huiita eksteno. Kisanduku hicho tumekikabidhi kila kitu: hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, picha za arusi, mitihani ya shule. Siku kinapogoma ndipo mtu anapotambua kwamba alikuwa ameibeba nyumba nzima mfukoni.

Mimi yamenikuta. Ndani ya diski yangu mlikuwa na sauti ya marehemu mjomba wangu, saa kumi na moja za mazungumzo niliyoyanasa barazani kwake Ujiji, akisimulia mji wa utoto wake na nani alikuwa nduguye nani. Jioni moja umeme ulikatika nikiwa katikati ya kunakili. Uliporudi nikaichomeka tena diski. Taa yake ikapepesa, ikazima, ikapepesa. Kisha kompyuta ikaniandikia kwamba diski hii lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, je, nakubali? Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe.

Hapo ndipo wengi tunapoangamia. Kompyuta inaposema hivyo, maana yake ni kwamba imeshindwa kuisoma orodha inayoonyesha kila faili limelala wapi. Faili zenyewe mara nyingi zingali mahali pake. Ni sawa na mtunza ghala aliyepoteza daftari: magunia yamo, ila hajui lipi la nani. Ukikubali kufomati, umemwagiza afungue daftari jipya na alihesabu ghala kuwa ni tupu. Kuanzia hapo kila mzigo mpya utapangwa palipokuwa na mzigo wa zamani.

Basi jibu hapana, kisha anza ukaguzi kutoka nje kwenda ndani. Kwanza waya. Waya wa diski ni mfupi, hukunjwa kila siku, na ncha yake huregea upesi. Tafuta mwingine ulio mzima. Pili, nguvu ya umeme. Tundu la USB la toleo la pili hutoa miliampia 500, la toleo la tatu 900, na diski yenye sahani zinazozunguka huhitaji nguvu nyingi zaidi pale inapoanza mwendo. Ukiichomeka kwenye kigawanyio pamoja na kipanya na printa, huanza, hukata, huanza tena. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta yenyewe. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma. Tatu, ijaribu kwenye kompyuta nyingine, upate kujua mgonjwa ni yupi kati ya wawili hao.

Aidha, yapo magonjwa ambayo si magonjwa. Diski huweza kuwa nzima lakini Windows haijaipa herufi, na kwa hiyo haionekani kati ya nyingine. Mpatie herufi fundi wako katika sehemu ya kusimamia diski, kazi ya dakika moja. Vilevile diski iliyoandaliwa kwa mtindo wa NTFS husomeka kwenye kompyuta ya Apple, ila haikubali kuandikwa. Mwenyewe hudhani imekufa.

Lakini sikiliza. Ukisikia ndani mnagonga, tak, tak, tak, kwa mpigo mmoja, ichomoe mara moja. Katika diski nyingi za namna hii sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake katika nafasi nyembamba kuliko unywele mara elfu kadhaa. Mlio ule mara nyingi ni kichwa kinachotafuta njia bila kuipata, na kila dakika unayoiacha ikizunguka huenda kikaikwaruza sahani. Usiifungue, maana chembe moja ya vumbi yatosha kuimaliza. Usiipige. Na wale wanaoitia kwenye friza, sijui nani aliwafundisha. Hata programu ya kurekebisha makosa isitangulie. Diski ikikubali kufunguka, nakili kwanza kile usichoweza kukipata tena duniani, mengine baadaye.

Yangu, namshukuru Mungu, ilikuwa waya. Fundi alichomeka wa kwake na sauti zikafunguka. Nilikaa pale kibandani nikitokwa na jasho kama niliyebeba mzigo kutoka Kibirizi.

Usiku ule niliwafikiria jirani zetu wa Gombe, mwendo wa boti kaskazini ya mji huu. Tangu Jane Goodall alipofika pale Julai 1960, mienendo ya sokwemtu imekuwa ikiandikwa, na kwa miaka mingi waandishi wakubwa wa kumbukumbu hizo ni Watanzania, wanaoandika kwa Kiswahili. Kumbukumbu hizo hazikuachiwa karatasi peke yake. Zilikusanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, baadaye Chuo Kikuu cha Duke, huko Marekani, zikaingizwa katika kompyuta. Mtu akitaka kuujua ukoo wa Flo, sokwe jike aliyekufa mwaka 1972, anaupata. Na mimi je, ukoo wangu nilikuwa nimeuning'iniza kwenye waya mmoja!

Sasa ninazo nakala tatu. Moja imo ndani ya kompyuta, ya pili katika diski niliyoifungia kabatini, na ya tatu ipo Dodoma kwa dada yangu, ili moto au mwizi akiingia kwangu asizikute zote. Kila baada ya miezi mitatu tunazifungua, kwa sababu nakala ambayo haijafunguliwa hujui kama ipo. Juzi nilimpigia dada simu achomeke ya kwake. Akamsikia mjomba akikohoa, kisha akianza kulitaja jina la bibi yetu. Dada akaniambia ninyamaze kwanza, asikilize.