Kituo cha Kazi za Mtandaoni Kinahitaji Zaidi ya Mabati

Mashine za kuchuma majani chai zimewapokonya wachumaji kazi katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet. Mpango wa kitaifa wa Ajira Digital, ulioanzishwa mwaka wa 2016, huwafunza vijana kazi za mtandaoni. Hata hivyo, kazi hizo zinahitaji mahali panapofaa.

Eneo hili hupata mvua nyingi, hata ya mawe. Chini ya mabati yasiyo na dari, anayezungumza na mteja kwa simu hasikiki. Kituo bora kina dari, chumba kidogo cha simu, umeme wa akiba na intaneti thabiti. Meza zinazosogezeka huwezesha ukumbi mmoja kutumika kwa kazi na mafunzo.

Wananchi wanahimizwa kuuliza mambo haya katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, kabla ya ujenzi kuanza.