Fundi wa Mapipa Asidharauliwe

Kila msimu wa mabibo unapoingia Nachingwea na Ruangwa, mapipa hutafutwa kila nyumba. Bibo halina subira. Likianguka leo, kesho limekwisha kuchacha. Maji yake hukamuliwa na kuachwa yaumuke hadi yawe uraka, pombe inayojulikana sana huku kusini, na mama muuzaji ambaye pipa lake limetoboka hupata hasara siku hiyo hiyo. Hapo ndipo anapotafutwa fundi wa chini ya mwembe, ambaye mara nyingi hata zana zake amejitengenezea mwenyewe.

Leo katika safu hii tunapenda kumzungumzia fundi huyo. Hatuzungumzii nipa wala gongo ya namna nyingine yoyote, kwani kuitengeneza ni kosa kwa sheria ya nchi. Tunazungumzia chombo, mkono unaokitengeneza, na uhai wa anayekitumia.

Zana zake hazikutoka dukani. Springi ya gari lililokufa huwekwa katika makaa mpaka iwe nyekundu, hufuliwa juu ya fuawe ambayo pengine ni kipande tu cha chuma kizito, kisha huchovywa katika maji ili ikomae. Fundi mwenye ujuzi haishii hapo. Huirudisha motoni kwa kiasi, kwa maana chuma kilichokomaa kupita kiasi huvunjika kama kigae. Tindo likipatikana, litakata bati, litakunja ukingo wa pipa, na litafungua njia ya ribiti. Nyundo ya mti hunyoosha palipobonyea pasipo kupasua. Kwa gharama ndogo, pipa la lita 200 lililokuwa la kutupwa hurudi kazini.

Wilaya ya Nachingwea inayo sababu ya pekee ya kuheshimu elimu hiyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengi yakiwa mabaki ya vita, nayo yaliharibika haraka kuliko yalivyoweza kutengenezwa. Mwaka 1951 mpango huo ukaachwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Mashine isiyo na fundi aliye karibu nayo ni chuma chakavu kinachongojea siku yake. Somo hilo lililipiwa ghali mno, na haifai tulisahau.

Hata hivyo, kumsifu fundi si kumficha makosa yake. Maji ya mabibo ni makali, nayo hula madini. Pipa la bati lililopakwa zinki likitiwa pombe humtapisha mnywaji. Tundu likizibwa kwa lehemu yenye risasi, sumu hiyo huingia mwilini kidogo kidogo bila kujulisha. Baya kuliko yote ni chombo kilichowahi kubeba dawa ya kupulizia mikorosho. Hicho hakisafishiki kwa mchanga wala kwa maji ya moto, na dawa yake pekee ni kutobolewa na kuteketezwa kwa utaratibu wa wataalamu. Fundi naye ajihadhari kwa nafsi yake. Pipa lililokuwa na petroli huonekana tupu, kumbe limejaa mvuke, na cheche moja ya kuchomelea yatosha kumwua.

Yako pia mapipa ya bia ya kiwandani. Huko Kenya, tangu mwaka 2004, bia ya Senator imeuzwa katika mapipa ya namna hiyo kwa bei nafuu, ili mnywaji wa kipato kidogo aiache pombe haramu. Pombe hiyo haramu ilikuwa imeua watu zaidi ya 100 mjini Nairobi mwaka 2000. Mapipa hayo hushikilia gesi kwa nguvu kubwa. Anayefungua valvu yake kwa spana ya kubuni, kabla ya kuitoa gesi, aweza kurushiwa chuma usoni. Tena ni mali ya kiwanda. Fundi wa kijiji akiletewa, na alikatae.

Msomaji wetu wa Songosongo au Kilwa Kisiwani aweza kuuliza: pombe ya bara yanihusu nini mimi nisiyeinywa? Tunamjibu kwamba pipa halina dini wala kabila. Lile linalobeba uraka Ruangwa ni ndugu wa lile linalohifadhi maji ya mvua kisiwani, au linalovushwa na mashua likiwa na mafuta ya mashine. Ziba mbovu ikifumuka nchi kavu, hasara ni ya fedha. Ikifumuka katikati ya bahari, hasara yaweza kuwa ya roho za watu.

Kwa viongozi wetu tunayo maombi matatu. Kwanza, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ambalo liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama hawa, pamoja na vyuo vya VETA, wawafuate mafundi huko huko waliko, kwa mafunzo ya siku chache kabla ya msimu. Pili, mabwana na mabibi afya wafundishe kwanza kabla ya kumwaga: wawaonyeshe wauzaji ni chombo gani kinafaa na kipi ni sumu. Tatu, halmashauri ziwatengee mafundi mahali panapojulikana, badala ya kuwafukuza kila wapitapo.

Unafuu ni jambo jema, na kujitegemea ni heshima. Lakini unafuu unaolipwa kwa ini la jirani si unafuu. Fundi akipewa elimu pamoja na sifa, pipa lake litatengenezeka, na sote tutakuwa salama.