Kutangulia Si Kufika

Magari mengi yapitayo katika barabara za Visiwa vyetu yametoka Japani, yakiwa yamekwisha kutumiwa na wenyewe kwa miaka kadhaa. Kwa sababu hiyo, mashindano yaliyopo baina ya viwanda vikongwe vya magari na viwanda vichanga vya magari ya umeme yanatuhusu. Gari linaloshinda huko leo ndilo litakaloteremshwa bandarini kwetu baada ya miaka minane au kumi.

Wapo wanaodai kwamba vikongwe vimekwisha kushindwa kwa kuwa vilichelewa kuanza. Hatukubaliani nao. Nissan, kampuni ambayo hata watoto wetu wanaijua, ilitangulia. Mwezi wa Desemba 2010 ilianza kuuza gari la umeme liitwalo Leaf, lililokusudiwa mtu wa kawaida. Tesla, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilikuwa wakati huo ikiuza kigari cha anasa cha watu wawili. Nissan ilikuwa na fedha, mafundi na mawakala dunia nzima. Na tangu mwaka 2007 ilikuwa na kampuni yake ya betri, iliyoiunda kwa ubia na NEC.

Ilikosea wapi basi? Betri ya Leaf ya kwanza, iliyohifadhi uniti 24 za umeme, haikuwekewa maji ya kuipoza. Mwaka 2012, katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako jua ni kali, wenye magari walilalamika kwamba betri zao zinachakaa upesi. Nissan iliirekebisha betri hiyo. Lakini mwaka 2019 iliuza sehemu kubwa ya kampuni yake ya betri kwa Envision ya China, ikawa sasa inanunua kwa wengine kile kilicho ghali kuliko vyote katika gari la umeme.

BYD ya China ilipita njia ya kinyume. Ilianza mwaka 1995 mjini Shenzhen kwa kutengeneza betri, zikiwemo za simu, na haikuingia katika magari hadi mwaka 2003. Mwaka 2022 iliacha kabisa kutengeneza magari yanayotumia petroli peke yake. Mwaka 2025 iliuza magari ya umeme mtupu zaidi ya 2,200,000, ikaipita Tesla iliyouza kiasi cha 1,640,000. Hapana shaka serikali ya China iliusaidia sana ushindi huo, kwani kwa miaka mingi, hadi mwisho wa 2022, ilimpunguzia mnunuzi bei kwa fedha za umma. Hata hivyo, fedha za serikali hazimfundishi mtu kutengeneza betri nzuri.

Wala uchanga si dawa. Fisker ya Marekani, iliyokuwa changa, ilifilisika mwaka 2024. Hyundai, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilibuni upya gari lake la umeme toka chini badala ya kuchomeka betri katika bodi la zamani, na Ioniq 5 yake ikatunukiwa kuwa Gari Bora la Dunia la mwaka 2022. Kwa maoni yetu, mkongwe anaweza kushindana iwapo yu tayari kuuweka kando ujuzi wake wa injini, ambao ndio uliomtajirisha, na kujifunza betri kama mwanagenzi. Jambo hilo ni zito kwa kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi wasiojua kazi nyingine.

Sasa tugeukie kwetu. Leaf za mwanzo, zile zisizopozwa kwa maji, ndizo zinazouzwa rahisi huko nje, na jua letu halina huruma. Mnunuzi atavutiwa na bei na rangi inayong'aa, kumbe betri imebaki nusu. Gari hilo lina vijistari 12 katika dashibodi vinavyoonyesha afya ya betri, na kila kinachozimika hakirudi. Twawaomba wahusika serikalini waweke sharti kwamba betri ya kila gari la umeme lililotumika ipimwe kabla halijapakiwa melini, na kipimo hicho kiandikwe katika hati zake. Aidha, waamue mapema betri zilizokufa zitapelekwa wapi, maana katika kisiwa hakuna pa kuzificha.