Hitilafu ya chipu za picha katika kompyuta mpakato

Hitilafu ya chipu za picha katika kompyuta mpakato ni uharibifu unaotokea pale viungo vidogo vya lehemu vinavyoishika chipu ya picha vinapopasuka. Kompyuta hupoteza picha kwenye kioo au hukataa kuwaka kabisa. Alama yake kubwa ni kujirudia: kompyuta hufa, hutengenezwa, hufanya kazi kwa majuma au miezi michache, kisha hufa tena kwa namna ileile.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa chipu za kampuni ya Nvidia ya Marekani, zilizokuwa ndani ya kompyuta za HP, Dell na Apple za miaka ya 2006 hadi 2008 hivi. Kisa hicho kina faida kwa msomaji wa leo kwa sababu chanzo chake kilichunguzwa sana, na kwa sababu njia ileile ya kuharibika imeonekana katika mashine za baadaye.

Muundo wa chipu

Chipu ya picha ni kipande chembamba cha silikoni. Katika chipu ya Nvidia iliyojulikana kwa jina la G84, kipande hicho kilikuwa na upana wa karibu milimita 13 kila upande. Hakikai moja kwa moja juu ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi. Kwanza hulazwa kifudifudi juu ya kibao kidogo, na hushikwa hapo na mamia ya vinundu vya lehemu ambavyo ni vigumu kuviona kwa macho. Nafasi inayobaki kati ya vinundu hujazwa gundi ngumu ili vinundu visibebe mzigo wote peke yao. Kisha kibao hicho hushikizwa kwenye ubao mkuu kwa punje za lehemu zilizo kubwa zaidi, zenye kipenyo cha karibu nusu milimita.

Kwa hiyo kuna tabaka mbili za lehemu: vinundu vya juu, vilivyofichwa ndani ya chipu yenyewe, na punje za chini, ambazo fundi mwenye vifaa anaweza kuzifikia. Makosa mengi katika ukarabati wa hitilafu hii yanatokana na kuzichanganya tabaka hizo mbili.

Sababu

Karibu kila kitu kigumu hutanuka kikipata joto, lakini si kwa kiasi kilekile. Kwa kila 1 °C, silikoni hutanuka kwa takriban sehemu 3 katika milioni za urefu wake, ilhali kibao cha chini yake hutanuka kwa takriban sehemu 16. Tofauti ni sehemu 13 katika milioni. Tuchukue chipu ya milimita 13 inayopanda joto kutoka 20 °C hadi 90 °C, yaani 70 °C. Tofauti ya kutanuka itakuwa 13 × 13 × 70 ÷ 1,000,000, ambayo ni kama milimita 0.012. Ikigawanywa pande mbili kutoka katikati, kila ukingo unasogea milimita 0.006.

Unywele wa binadamu una unene wa karibu milimita 0.07, kwa hiyo mwendo huo unaonekana si kitu. Lakini vinundu vyenyewe vina kimo cha karibu milimita 0.1 tu, na hupindishwa upande mmoja kila kompyuta inapopata moto, kisha hurudishwa inapopoa. Mwanafunzi anayewasha kompyuta yake mara tatu kwa siku huvipindisha mara 3,285 katika miaka mitatu. Yeyote aliyewahi kukata waya kwa mikono anajua jambo hili: waya haukatiki kwa kukunjwa mara moja, bali kwa kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Ndiyo maana hitilafu hii haionekani dukani wala katika miezi ya mwanzo, na ndiyo maana vinundu vya pembeni, vilivyo mbali na katikati, huwa katika hatari kubwa zaidi.

Chipu zote za namna hii hupata msukosuko huo, lakini nyingi huishi miaka mingi bila kuharibika. Katika chipu za Nvidia, kampuni yenyewe ilikiri kwamba vifaa vilivyotumika kutengeneza kipande na kifungashio chake vilikuwa dhaifu. Wachambuzi wa wakati ule walitaja mambo mawili. La kwanza ni kwamba gundi ya kujazia ililainika katika joto ambalo chipu ililifikia ikiwa kazini, na hivyo ikaacha kusaidia wakati ilipohitajika zaidi. La pili ni lehemu ya vinundu, ambayo ilikuwa na risasi nyingi mno na haikuvumilia kupindishwa mara kwa mara.

Jambo hili la pili linapingana na maelezo yanayosikika sana, kwamba tatizo lote lilitokana na sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006 na kuzuia risasi katika vifaa vya umeme. Sheria hiyo ilihusu kweli punje za chini, ambazo zilibadilishwa kuwa za bati, fedha na shaba. Vinundu vya ndani ya chipu vilipewa ruhusa ya kuendelea kuwa na risasi.

Historia ya kisa cha Nvidia

Malalamiko yalianza kwa watumiaji. Kompyuta zilionyesha mistari ya wima, picha iliyorudiwarudiwa, au kioo cheusi huku taa zikiwaka na feni ikizunguka. Katika baadhi ya kompyuta za HP, kifaa cha mtandao usiotumia waya kilitoweka kwanza, na mtu angeweza kuhangaika na programu kwa wiki nzima kabla ya kugundua kwamba ubao wenyewe unakufa. HP iliongeza waranti hadi miezi 24 kwa baadhi ya modeli za Pavilion dv2000, dv6000 na dv9000, pamoja na Compaq Presario V3000 na V6000.

Tarehe 2 Julai 2008 Nvidia ilitangaza kwamba ingetenga kati ya dola za Marekani milioni 150 na 200 kwa ajili ya gharama za waranti na matengenezo, na katika miaka miwili iliyofuata ikaongeza fedha nyingine. Katika tangazo hilo kampuni ilisema pia kwamba muundo wa upoozaji wa kompyuta na namna wateja walivyozitumia vilichangia. Ni kweli kwamba joto huchangia, lakini kuwasha na kuzima kompyuta ndiyo matumizi yake ya kawaida, na vigumu kumlaumu mnunuzi kwa hilo.

Dell ilitoa programu mpya ya kuendesha feni mapema na kwa muda mrefu zaidi ili joto lisipande na kushuka sana, na ikaongeza waranti kwa miezi 12 kwa modeli zilizohusika. Wakosoaji walisema feni hiyo haikuponya kitu, ilichelewesha tu siku ya kufa. Kwa hesabu iliyoonyeshwa hapo juu, wote wawili walikuwa na hoja: kupunguza tofauti ya joto hupunguza kupinda, lakini ufa ulioanza hauzibiki.

Apple ilisema mnamo Oktoba 2008 kwamba Nvidia iliwahi kuihakikishia kuwa kompyuta zake hazihusiki, na kwamba uchunguzi wake yenyewe ulionyesha kinyume. Iliahidi kutengeneza bure MacBook Pro zenye chipu ya GeForce 8600M GT, kwanza ndani ya miaka miwili tangu kununuliwa, muda ambao baadaye uliongezwa.

Kesi ya pamoja ya wanunuzi ilifunguliwa huko California na kumalizika kwa mapatano yaliyoidhinishwa na mahakama Desemba 2010. Wenye kompyuta za Dell na Apple walitengenezewa. Wengi wenye kompyuta za HP walipewa kompyuta nyingine, Compaq CQ56, na hapo pakazuka manung'uniko: mtu aliyenunua mashine ya bei kubwa yenye kioo cha inchi 17 alipokea ya bei nafuu yenye kioo kidogo zaidi. Mwisho wa kuwasilisha madai ulikuwa Machi 2011, na mapatano yaliwahusu walionunua Marekani.

Tatizo la namna hii halikuishia hapo. Mnamo Februari 2015 Apple ilianzisha mpango mwingine wa matengenezo ya bure, safari hii kwa MacBook Pro za inchi 15 na 17 za mwaka 2011 zenye chipu za AMD, pamoja na baadhi za mwaka 2012 na mwanzo wa 2013. Mpango huo nao umeshafungwa.

Kwa nini ukarabati wa joto hurudisha uhai kwa muda

Fundi akipiga chipu hewa moto, mara nyingi kompyuta huwaka. Wapo pia waliotia ubao mkuu ndani ya oveni ya jikoni, au waliofunika kompyuta kwa blanketi ili ijichemshe yenyewe. Matokeo hayo yamewafanya watu waamini kwamba lehemu imeyeyuka na kuungana upya.

Vipimo vya joto haviungi mkono imani hiyo. Lehemu ya zamani ya bati na risasi huyeyuka kwenye 183 °C. Punje za bati, fedha na shaba huyeyuka kwenye takriban 217 °C. Vinundu vyenye risasi nyingi, vile vilivyopasuka ndani ya chipu, huhitaji zaidi ya 300 °C. Oveni ya 200 °C haifiki hata kwenye kipimo cha pili. Kinachotokea ni kwamba joto hulainisha gundi na kutanua vifaa, na nyuso mbili za ufa zinagusana tena. Umeme unapita, lakini hakuna kilichounganishwa. Baada ya kupanda na kushuka kwa joto mara kadhaa nyuso hizo huachana tena.

Kubadilisha punje za chini, kazi ngumu inayohitaji mashine maalumu, nako hakugusi vinundu vya ndani. Kompyuta huwaka kwa sababu chipu ilipashwa moto wakati wa kazi hiyo. Fundi anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akalipwa kwa kazi isiyodumu, maana alichokiona kwa macho yake ni kompyuta iliyopona.

Dawa ya kweli ni kuweka chipu mpya iliyotengenezwa baada ya vifaa kubadilishwa. Chipu za Nvidia za wakati huo huwa na tarakimu nne za tarehe: mbili za mwaka na mbili za wiki. Kwa mfano, 0745 ni wiki ya 45 ya mwaka 2007, na 1018 ni wiki ya 18 ya mwaka 2010. Hata hivyo, chipu kuukuu zilizosafishwa na kuuzwa kama mpya zipo sokoni.

Kutia kompyuta kwenye oveni au blanketi hakufai. Betri ya lithiamu ikipata moto inaweza kulipuka, na oveni iliyochoma plastiki na lehemu haistahili kupikiwa chakula tena.

Utambuzi

Kioo cheusi kina sababu nyingi, na baadhi ni za bei ndogo. Tochi ikimulikwa kwenye kioo ikaonyesha picha hafifu, kilichokufa ni taa ya kioo, si chipu. Kompyuta ikiunganishwa na kioo cha nje au projekta na picha ikawa safi huko, tatizo liko kwenye kioo au waya wake. Kuchomoa kadi za kumbukumbu na kuzirudisha moja moja kunatosha kuondoa shaka ya upande huo. Mistari ikionekana kwenye vioo vyote viwili, tena tangu maandishi ya kwanza kabla programu endeshi haijaanza, chipu ya picha ndiyo ya kushukiwa.

MacBook Pro za inchi 15 na 17 za 2011 zina chipu mbili za picha, ya AMD na ya Intel, na wapo waliozima ile ya AMD kwa kubadilisha mipangilio na kuendelea kutumia mashine kwa miaka. Kompyuta yenye chipu moja ya picha haina njia hiyo.

Afrika ya Mashariki

Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi zimekwisha kutumika nje kwa miaka kadhaa. Mnunuzi wa hapa hurithi mashine baada ya waranti kwisha, ikiwa tayari imepinda vinundu vyake mara elfu kadhaa. Vumbi linaloziba njia ya hewa huongeza joto, na umeme unaokatika huongeza idadi ya kuzimika na kupoa. Kusafisha feni na kubadilisha pesti ya kupitisha joto husaidia iwapo kunafanywa kabla ya ufa. Baada ya hapo, bei ya kupiga hewa moto kwa mara ya pili ni afadhali ihesabiwe kama sehemu ya bei ya kompyuta nyingine.

Kazi za mwenye kompyuta hazimo ndani ya chipu ya picha. Katika mashine za miaka hiyo ziko kwenye diski ya inchi 2.5 iliyoshikwa kwa skrubu chache chini ya kompyuta. Diski hiyo ikitolewa na kuwekwa kwenye kasha la USB husomwa na kompyuta nyingine kama flashi, hata kama kompyuta yake haitawaka tena. Kompyuta ikiwa imefufuka baada ya kupashwa moto, siku hiyohiyo ndiyo ya kunakili tasnifu, picha na hesabu za duka. Katika baadhi ya kompyuta mpya hifadhi imelehemiwa kwenye ubao mkuu, na ubao ukifa hakuna diski ya kutoa.