Fahamu: Taarifa ya kimbunga inavyomfikia nahodha kwa barua pepe

Katikati ya Atlantiki hakuna mnara wa simu. Mwenye mashua ya matanga asiye na intaneti ya kasi hutegemea simu ya setilaiti, au redio ya mawimbi mafupi iliyounganishwa na modemu, na mwendo wa data ni wa kobe. Picha za rangi husumbua. Maandishi matupu ya kilobaiti chache hupita.

Ndiyo maana Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani ilianzisha huduma yake ya FTPMail. Nahodha anaandika barua pepe yenye amri chache, kila moja mstari wake, bila salamu. Kompyuta inamjibu kwa faili aliloomba. Akikosea jina la faili, imekula kwake.

Faili hilo laweza kuwa taarifa ya kimbunga, ambayo Kituo cha Vimbunga cha Miami hutoa kila baada ya saa 6. Mna mahali kimbunga kilipo, kinakoelekea, na upepo wa maili 34 za baharini kwa saa utafika wapi. Juu ya mpaka huo mabaharia huongeza maili 100 za baharini kwa utabiri wa siku moja, 200 kwa siku mbili, 300 kwa tatu, maana utabiri hupotoka. Eneo lote hilo hukwepwa. Mimi ningeongeza tena.