Magunia 9 kwa Ekari

Mwaka 1997 Mto Manjano wa China ulikauka sehemu ya mwisho kuelekea baharini kwa zaidi ya siku 200. Mwaka uliofuata yakaja mafuriko ya bonde la Yangtze na mito ya kaskazini-mashariki, yakaua maelfu ya watu. Lawama zikapanda mlimani, kwa wakulima wanaolima miteremko mikali hadi udongo unashuka mtoni kila mvua inaponyesha. Mwaka 1999 serikali ikaanza majaribio Sichuan, Shaanxi na Gansu: acha kulima mteremko, panda miti au nyasi, ulipwe.

Malipo yalikuwa nafaka. Bonde la Yangtze kilo 150 kwa kila mu, bonde la Mto Manjano kilo 100, kila mwaka, na juu yake yuan 20 za matumizi. Mu 6 zinakaribia ekari moja. Ukipiga hesabu, mkulima wa kusini alipata magunia 9 ya kilo 100 kwa ekari na wa kaskazini 6, bila kushika jembe. Kwa mtu wa kaskazini mwa Shaanxi aliyepanda uwele kwenye genge, hana hakika hata ya kurudisha mbegu, hapakuwa na haja ya kumbembeleza. Mwenye shamba zuri ndiye aliyeumia. Kwenye karatasi mpango ulikuwa wa hiari, ila viongozi wa vijiji walipenda kilima kizima kigeuzwe kwa pamoja ili mkaguzi akione vizuri, na shamba lililokuwa katikati likaenda na mengine.

Baada ya miaka kumi hivi, kaya zipatazo milioni 32 zilikuwa ndani ya mpango. Milima ikarudi kijani. Mto Manjano nao leo unabeba tope kidogo sana kuliko zamani, ingawa matuta na mabwawa yana mchango wake.

Lakini nyumbani? Nafaka ile haikumtajirisha mtu. Maisha yalibadilishwa na mikono iliyobaki bila shamba la kulima. Viwanda vya pwani vilikuwa vinatafuta watu, majengo yanaota mijini kama uyoga, na kijana aliyejua wazazi wake wana chakula cha mwaka aliweza kufunga mzigo. Watafiti bado wanabishana ni wangapi wangeondoka hata bila mpango. Nadhani wengi wangeondoka. Tofauti ni kwamba sasa waliondoka bila kuacha njaa nyuma, na pesa walizotuma zilizidi kwa mbali thamani ya magunia. Nyumba ya wazee tu, au ya mjane mwenye watoto wadogo, haikuwa na wa kumtuma. Hiyo iliishi kwa malipo, ikihesabu miaka.

Na miaka ilikuwa michache: 8 kwa miti ya hifadhi, 5 kwa miti ya matunda, 2 kwa nyasi. Kanuni ilitaka asilimia 80 ya eneo la mpango lililopandwa miti katika kila wilaya iwe miti ya hifadhi, ile ambayo huruhusiwi kuikata ovyo na haina cha kupeleka sokoni. Mwaka 2004 nafaka ikageuzwa fedha, yuan 210 kwa mu upande wa Yangtze. Mwaka 2007 muda ukaongezwa, malipo yakakatwa nusu.

Mbuzi nao hawakuingia kwenye hesabu ya mu. Wilaya ya Wuqi, Shaanxi, ilipiga marufuku kuchunga mlimani mapema, mwaka 1998, na maeneo mengine yakafuata. Ikabidi nyasi zikatwe kwa mkono na kubebwa hadi bandani, kazi ambayo aghalabu iliwaangukia waliobaki nyumbani. Wengine waliuza mifugo. Wengine walichunga usiku, mkaguzi akiwa amelala, huwezi kuwashangaa.

Awamu ya pili ilikuja mwaka 2014: yuan 1,500 kwa mu ya miti, kwa mafungu matatu ndani ya miaka 5, na kanuni ya asilimia 80 ikafutwa. Ilichukua miaka 15, basi, kumwachia mkulima uhuru wa kupanda mti wa kumpa kitu cha kuuza. Mwaka 2022 upanuzi mpya ukasitishwa, safari hii serikali ikihofia kupungukiwa na mashamba ya chakula.