Hata steringi anafunika kombe!

Wiki hii tuachane kidogo na mapenzi na mitindo ya nguo. Kuna jambo linanikereketa rohoni, na limeletwa na kitabu cha katuni. Usicheke!

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria: steringi hafi, na adui lazima achapwe mwishoni. Basi rafiki yangu akaniazima katuni inaitwa Watchmen. Nikadhani ni yale yale. Wapi!

Iliandikwa na Mwingereza Alan Moore, ikachorwa na Mwingereza mwenzake Dave Gibbons. Kampuni ya DC ya Marekani iliitoa kwa matoleo 12, kuanzia 1986 hadi 1987, enzi Wamarekani na Warusi wanatunishiana misuli kwa mabomu ya nyuklia. Sinema yake ilitoka 2009 ila mwisho ulibadilishwa, kwa hiyo uliyeona sinema tu usijidai umemaliza.

Mle ndani kuna jamaa anaitwa Ozymandias. Tajiri, mtanashati, akili nyingi mno. Anaona vita vya nyuklia vinakuja na dunia itateketea. Anafanyaje? Anatengeneza dude la kutisha, analitupia jiji la New York, mamilioni wanakufa. Mataifa yanadhani yamevamiwa na viumbe kutoka nje ya dunia. Na kweli, wakubwa wanaacha ugomvi wao. Vita hakuna tena!

Mashujaa wenzake wanaujua mchezo wakati wamekwishachelewa. Wakisema, vita vinarudi. Wakinyamaza, muuaji anabaki mtu wa heshima. Wanaamua kufunika kombe mwanaharamu apite.

Anayekataa ni mmoja tu, Rorschach. Naye si malaika, jamani! Huvunja watu vidole ili waseme anachotaka. Lakini kunyamazia maiti za watu, hawezi. Dakta Manhattan, mwenye nguvu kupita wote, anamuua palepale kwenye barafu ili siri isitoke. Steringi kauawa na steringi mwenzake!

Kijiweni tulibishana mpaka kahawa ikaisha. Rafiki yangu akasema, "Wamekufa mamilioni, wamepona mabilioni. Hesabu ndogo tu hiyo."

Nikamwuliza, "Na kama bi mkubwa wako alikuwa New York siku hiyo?"

Akanyamaza. Nikajiona mshindi, mpaka nilipofika nyumbani nikakosa usingizi.

Maana na mimi nimefunika kombe. Mtaani kwetu simu iliibwa, kijana mmoja akaitiwa mwizi, akapigwa mpaka mguu ukaharibika. Mimi nilimwona aliyeichukua. Alikuwa mtoto wa mwenye nyumba wetu. Nikasema moyoni, nikifungua mdomo vyombo vya mama vitatupwa nje, na sisi kodi ya miezi mitatu tulikuwa tunadaiwa. Nikanyamaza ili nyumba iwe na amani.

Na amani ikawepo, siwezi kudanganya. Mwenye nyumba ananiita mwanangu. Yule kijana naye anapita na gongo lake, ananisalimia kwa ukarimu wote, "Vipi, kaka?" Hiyo salamu ndiyo inayonimaliza.

Ozymandias alitaka kuokoa dunia. Mimi nilitaka kuokoa chumba na sebule. Lakini wote wawili, bili tulimpa mtu mwingine alipe, tena bila kumwuliza.

Kabla hajafa, Rorschach alituma daftari lake kwenye gazeti moja. Katuni inaishia mkono wa mfanyakazi wa gazeti unakaribia rundo la barua lenye daftari hilo. Moore hakutuambia kama lilichapwa.

Na langu ndilo hili. Mama nimemwambia jana usiku. Alikaa kimya kirefu, kisha akaanza kufunga vyombo. Mhariri akilichapa, mwenye nyumba atalisoma, maana gazeti hili halimpiti.

Tuonane wiki ijayo, kama nitakuwa na pa kulala.